Mkonge wa Kilima cha Nyabirere

Bernadetha Mogesi alizaliwa Nyanungu, akasomea upimaji wa ardhi na kufanya kazi Mugumu miaka mingi kabla ya kuhamishiwa kwao Tarime. Alirudi wakati wa rashi, kama wachimbaji walivyouita mkimbilio ule wa dhahabu. Watu walikuwa wamejaa Kilima cha Nyabirere. Juu walichimba maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, chini wakajenga vibanda na baa, bila kujiuliza udongo ule umeshikiliwa na nini.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya maporomoko, ili kijiji kinapopanga pa kujenga na pa kulima, kijue pia pasipofaa kukaliwa. Alipanda mteremko pamoja na kamati ya ardhi. Waliona miti iliyoinama, maji yakitoka mahali palipokuwa pakavu, na ufa mrefu uliokatiza malisho juu ya maduara. Sehemu yote ya hatari akaizungushia mstari mwekundu. Ndani ya mstari kulikuwa na baa ya Mwikwabe, kaka yake wa tumbo moja.

Mwikwabe hakukawia kuja.

"Dada, penseli yako imepinda," alisema. "Isukume kidogo tu, ipite nyuma ya choo changu."

"Kilima hakijui choo chako, kaka."

"Ulirudi kutusaidia au kutufukuza?"

"Hamia ng'ambo ya kijito. Kule ni tambarare. Mabati nitakusaidia kubeba."

"Wateja wangu wako hapa. Baki na karatasi yako."

Wako watu wengi wanaokataa bahasha ya mgeni, kisha wakaukunja ukweli kwa ajili ya ndugu. Bernadetha hakuukunja. Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha ramani, naye akasimika nguzo za miti zilizopakwa rangi nyekundu kuonyesha mstari ulipopita.

Hapo alikosea. Mchimbaji akiona nguzo imara iliyonyooka, anaona kitu cha kuzuia kuta za duara lake zisibomoke. Wiki haikwisha, nguzo zote zilikuwa zimeshuka shimoni na rangi yake. Vibanda vikaongezeka, na masika yalikuwa karibu.

"Serikali imetuletea miti," Mwikwabe aliwachekesha wateja. "Mwambieni dada alete na misumari."

Ndipo Bernadetha alipofikiria jinsi watu wa kwao wanavyolinda mipaka. Kati ya shamba na shamba hupandwa mkonge mbele ya wazee wa ukoo, na anayeung'oa hakuna wa kula naye. Hata wageni wa dhahabu walikwisha kujifunza kutougusa. Lakini mkonge haupandwi bila mwenye shamba kushika jembe, na mstari ulikatiza shamba la Mwikwabe.

Akamwendea. "Njoo uone kitu kimoja, kisha sitakusumbua tena."

Walipanda hadi kwenye ufa.

"Tulichunga hapa," Mwikwabe alisema. "Hapakuwa na kitu."

"Nilipokuja mara ya kwanza, kiganja changu kilikwama. Ingiza mkono."

Mwikwabe alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, asiguse chini. Muziki wa baa yake ulisikika kutoka bondeni. Alijikung'uta udongo.

"Mama anajua kwamba nakaa chini ya ufa huu?"

"Bado."

"Leta jembe."

Alichimba shimo la kwanza mbele ya wazee na wateja wake, kisha akapanda juu ya baa na kuanza kung'oa mabati. Baa ilipohamia ng'ambo ya kijito, wanywaji waliifuata, na vibanda vikawafuata wanywaji. Wachimbaji nao, kamati ikawaachisha maduara yaliyokuwa ndani ya mstari. Hakuna aliyegusa mkonge.

Kilima kilishuka masika, mchana, soko likiwa limejaa ng'ambo. Tope na mawe vilifunika maduara, vikafunika sakafu ya baa, vikaja kutulia karibu na mkonge. Watu waliitana kwa majina, familia kwa familia, na kila jina liliitikiwa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka vikasikika kijiji cha pili.

"Choo changu kiko wapi?" Mwikwabe aliuliza.

"Ndani ya mstari," Bernadetha alijibu, na soko zima likacheka.

Kijiji jirani kilituma watu kumwita aende na penseli yake. Mwikwabe ndiye aliyembebea miche ya mkonge.