Vidudu Ndani ya Joho la Harusi

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, na joto halijapungua.

Vijana wa kupuliza dawa wameniomba niwaeleze tulivyofanya zamani. Kusoma sikusoma sana, huenda nikakosea.

Siku yangu ya kwanza kazini, foromani, mtu wa bara, alinitoa ghala letu la Shimanzi akanipeleka nyumba moja Mji wa Kale. Mwenye nyumba, Bi Zuhura, alikuwa amelia. Joho la sufu la marehemu babake, ambalo mwanawe alikuwa avae siku ya nikaha mwisho wa mwezi, lilikuwa limetoboka begani.

"Ni nondo," akasema. "Pulizeni dawa, mwende zenu."

Foromani akapapasa mishono, akanionyesha buu mdogo kuliko punje ya mchele, ana manyoya na mistari ya kahawia. Huyo ndiye mla sufu, si nondo. Akikua huwa kidudu cha mviringo chenye madoadoa. Nguo haigusi tena, hula unga wa ndani ya maua. Na sanduku lililotunza joho lilijaa asumini.

"Mama, haya maua yanamleta. Yaondoe."

"Wee! Bila asumini nguo ya harusi inuke dawa yako? Mamangu alitia asumini, nyanyangu alitia, na joho halikuliwa!"

Wakabishana mpaka adhana ya adhuhuri. Lakini kwa haki, Bi Zuhura hakukosea sana: juu ya boriti tulikuta kiota kikavu cha njiwa, mabuu tele. Mpaka leo sijui walianzia wapi, kiotani au mauani. Kazi hii yachosha hivyo. Kila nyumba mabishano, na kila mtu ana ukweli wake kidogo.

Kiota tukakitoa, nyufa tukazipuliza. Joho halikupulizwa, lingeingia doa. "Lipigwe brashi kila mshono," foromani akasema, "lifungwe nailoni, likae friza mpaka wiki ya harusi, baridi iwaue."

"Joho la babangu lilale na nguru?" akauliza; friza yake ilijaa samaki.

"Nguru ahame, mama."

"Mtu mzima ovyo! Haya, nguru na atoke."

Fundi wa kofia aliyaziba matundu, na bwana harusi akalivaa. Bi Zuhura akawaambia majirani wote kwamba walikuwa nondo.

Sasa nimestaafu, na bado vijana wananiita, wananiuliza, kisha wanafanya watakavyo. Labda sijui kueleza.

Jioni tumekula muhogo wa nazi.