Utando Kwenye Kisigino cha Mama

Kama dawa inaua vijidudu, mbona kidonda hakifungi? Mama aliniuliza hivyo mwishoni mwa miaka ya tisini, mguu ameuweka juu ya kreti tupu uani kwetu Nchelenge, kando ya ziwa. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Lusaka, ambako nilisomea biolojia na kuzoea kubishana na kila mtu. Nikamuuliza ni vidonge gani, na amevimeza kwa siku ngapi.

"Walimu wako walikufundisha kuuliza," akasema. "Kujibu wamemwachia nani?"

Alikuwa amechomwa kisiginoni na mwiba wa kambale akipakua samaki. Kidonda kilifanya utando mweupe, wenye utelezi kama ule wa mawe ya ziwani pale wanawake wanapofulia. Muuguzi wa zahanati ya Kafutuma alimpa vidonge, akaonya kwamba usaha ukifika kwenye mfupa, mguu utakatwa. Mama akimeza, uvimbe unapungua. Vikiisha, unarudi.

Ndipo dada yake mkubwa akavuka kutoka Kongo na mzigo wake wa vitenge. Alichemsha majani ya mpera mpaka maji yakawa mekundu kama chai iliyokolea, akakisugua kidonda kwa kitambaa huku Mama akimtukana, mara kwa Kiswahili cha kwao, mara kwa Kibemba. Utando ukatoka. Chini yake nyama ilikuwa safi, na kwa mara ya kwanza Mama alilala mchana bila kuguna.

Lakini vidonge alikuwa ameviweka kando. Kwetu ilikuwa hivyo: wiki za hospitali ni za hospitali, wiki za majani ni za majani. Muuguzi naye alisema vivyo hivyo, kwamba asiyeacha majani asimsumbue. Nilimuuliza sababu, akacheka tu. Nikamuuliza mama mukubwa.

"Zinapigana ndani ya mutu," alisema, akikamua kitambaa. "Weye mutoto, ulishakuona zinapatana?"

Sikuwa nimeona. Wala sikuwa nimeona zikipigana. Nilikuwa nayashuku majani, navishuku vidonge, na shaka zangu zote hazikufunga hata upande mmoja wa kile kidonda. Utando haukukawia kurudi. Tukarudi kwenye vidonge, kisha majani, kisha vidonge, mpaka harufu ikaanza kumtangulia Mama mlangoni. Lori la samaki lilimpeleka hospitali ya mkoa, nikamshika kichwa njia nzima. Walimkata mguu chini ya goti.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba ule utando huujenga bakteria wenyewe, wakajificha humo dawa isiwafikie vizuri. Na kwamba maabarani, juu ya kioo kama si juu ya kisigino, maji ya baadhi ya mimea, majani ya mpera yakiwemo, yanaweza kuulegeza hata pale yasipowaua waliomo. Vidonge vikija wakati huohuo, hupata pa kupita.