Tairi Langu Lilinitangulia Kanisani

Hili jambo nimewaficha wenzangu wa ofisini kwa miezi, maana ni aibu tupu, lakini leo nalisema kwa sababu bado nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya kipaimara cha binti yangu Neema, kule Kikwe kwa wakwe zangu. Mke wangu alishatangulia na mtoto, mimi nikabaki nyumbani Njiro, Arusha mjini, ili nije na mama mkwe anayekaa nasi (mama wa watu, kitenge kipya, sufuria ya pilau mapajani, hataki iwekwe chini). Tulikuwa tumechelewa. Tulipoacha lami tu, pikapu moja ikatuganda nyuma, honi, taa, honi, taa, mpaka kichwa kikaanza kunichemka.

“Baba Neema, si umpishe tu?” mama akasema.

“Mama, hawa ndio wanaoua watu barabarani. Leo hapiti!”

Hapo ndipo nilipojimaliza. Akija kulia nami kulia, akirudi kushoto nami kushoto, nikaongeza mwendo kwenye vumbi na mashimo, mama kashika sufuria kwa mikono miwili anamwita Yesu, na mimi (mtu mzima, baba wa familia, ninayewafokea madereva wengine kila siku ya Mungu) nasikia raha kabisa. Gari likaanza kutetemeka nyuma. Nikailaumu barabara, nikakanyaga mafuta.

Tulipokaribia geti la kanisa, kitu kikalia kho! Gari likainama upande wa nyuma, likajiburuza, na kabla halijasimama nikaona tairi linatupita kulia, linakimbia lenyewe kama limechelewa ibada. Tairi langu! Likaingia getini, watoto wa kipaimara na magauni yao meupe wakatawanyika wakipiga mayowe, likaenda kuivunja meza ya soda, ndipo likalala.

Pikapu ikasimama nyuma yetu. Nikashuka na tusi mdomoni, nikakuta mzee wa umri wa baba yangu, tusi likageuka shikamoo. Hakuitikia.

“Tangu kule kwenye lami nakuonyesha tairi linacheza!” alifoka. “Nakuonyesha, wewe unanizibia njia! Lingemkuta mtoto pale, ungesema nini?”

Asubuhi ile nilibadilisha tairi lenye pancha, mke wangu akapiga simu kuniharakisha, nikashusha jeki na kuondoka bila kumalizia kukaza nati. Sikulizunguka gari hata mara moja.

Waumini wote wakatoka kututazama. Neema alikuwa analia, vumbi mpaka kichwani. Lile tairi lilipita hatua mbili tu kutoka alipokuwa amesimama. Mama mkwe akashuka, pilau imemwagika kitenge kizima, akanigeukia mbele ya watu wote.

“Haya, baba Neema,” akasema, “amepita au hajapita?”

Jioni alirudi mjini na yule mzee wa pikapu. Kwenye gari langu hajapanda mpaka leo, na simlaumu.

Siku hizi siwashi gari kabla sijakagua matairi yote. Na mtu akinipigia honi, nawasha indiketa, nasimama pembeni, namuuliza kuna nini. Wengine wananitukana na kwenda zao. Wapite! Ningempisha yule mzee siku ile, hata kwa kumchukia, angepunguza mwendo ubavuni mwangu akaniambia.