Balbu Iliyokula Maneno ya Mwenyekiti

Hii habari nimeificha miaka mingi, na hata leo nikipita Solai huwa navuta kofia mpaka kwenye nyusi, lakini mmeninunulia chai na mmenibana, basi wacha niwaambie jinsi nilivyoaibika mbele ya chama kizima cha wakulima, mimi fundi wa redio, kijana niliyekuwa najiona sina mwenzangu Nakuru yote.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa kwa Bwana Gurdial, Kalasinga mmoja aliyekuwa na duka la kutengeneza redio mjini. Tulikuwa mafundi wawili, mimi na Kiprono. Mzee alikuwa anataka kwenda India kumwona mamake, na alituambia wazi kwamba mmoja wetu ataachiwa ufunguo wa karakana, awe mkubwa mpaka yeye arudi. Mimi nilijua ni wangu. (Kiprono alikuwa mtu wa polepole, anapima kitu mara tatu kabla ya kukigusa, nami nilikuwa namcheka kwamba atazeeka akipima.)

Ndipo wakaja watu wa Solai, wale walionunua shamba la mzungu na kuliendesha pamoja. Walikuwa na simu ya upepo, ile mashine unabonyeza kitufe ukiongea na kukiachia ukisikiliza, ya kuita lori la maziwa kutoka mjini, na shida yao ilikuwa betri. Leo imechajiwa, kesho kutwa imekufa, inabebwa tena mpaka Nakuru. Bwana Gurdial akanipa kazi ya kupunguza huo ulaji, na bila kuambiwa nikaelewa kwamba huo ndio mtihani wa ufunguo.

Kazi niliifanya, na hapo sijisifu bure. Valvu za kutuma sauti, zile chupa ndogo za kioo ndani ya mashine, zilikuwa zinapata moto kutwa nzima hata kama hakuna anayeongea, kama jiko la makaa lililoachwa likiwaka na sufuria haipo, kwa hiyo nikaweka swichi ziwake tu mtu akitaka kusema. Nikang'oa na taa ya usoni mwa mashine. Sasa, wakati wa kupima hatukuwa tunatumia eriali, maana ungesumbua watu hewani. Tulikuwa tunafunga balbu ndogo pale pa waya wa eriali ya kutuma, nguvu inaishia kwenye balbu badala ya kwenda hewani, na ikiwaka unajua mashine ni nzima. Mzee alikuwa na sheria yake hapo: ukifunga balbu, unafunga na kitambaa chekundu kwenye mpini wa mashine, na kitambaa hakitoki kabla balbu haijatoka.

Asubuhi ya kuipeleka, mashine nimeipiga polishi mpaka inang'aa, nikakitazama kile kitambaa kimejaa grisi, kinaning'inia hapo, nikaona haya kumpelekea mwenyekiti wa chama chao kitu kama hicho. Nikakitoa, nikakiacha mezani. Nikasema balbu nitaitoa nikifika. Hilo tu ndilo nililofanya, jamani, na mengine yote yalitoka hapo.

Kufika Solai, kumbe wana mkutano mkuu. Uwanja umejaa, mitungi ya maziwa imepangwa juani ikingoja lori, na mwenyekiti, mzee mnene mwenye koti la suti na buti za matope, ananiambia, "Fundi, hebu wafafanulie wanachama kwanza." Basi mtu kama mimi ukinipa watu wa kunisikiliza umeniua. Nilihubiri. Nikawaambia, "Kila kitu kinachowaka kinakula. Ukitaka betri ikae, uliza kila kitu, wewe unakula nini, na unatusaidia nini?" Wakapiga makofi, na kwa utamu wa makofi hayo nikaunganisha betri, nikaunganisha waya wa kusikilizia (huo ulikuwa waya tofauti na ule wa kutuma), na habari ya balbu ikanitoka kichwani kabisa.

Sauti ya Kiprono, aliyekuwa kwenye mashine ya dukani Nakuru, ikaja safi kama yuko chumba cha pili. "Solai, Solai, mko hapo?"

Mwenyekiti akabonyeza. "Tuko hapa. Leteni lori, maziwa iko tayari." Balbu ikawaka, watu wakasema aaa, na mimi nikatabasamu kwa sababu wiki nzima nilikuwa nimezoea kuiona ikiwaka na kufurahi.

"Solai, Solai, mko hapo?"

Mwenyekiti akarudia, safari hii kwa nguvu, balbu ikawaka. Kiprono akaita tena vilevile. Nikakaza waya za betri. Nikagonga mashine ubavuni. Nikazima, nikawasha, nikapuliza kipaza sauti, nikabadilisha betri na ile ya trakta, na kila mara sisi tunamsikia na yeye hatusikii, na akili yangu inazunguka tu, kwa sababu taa si hiyo inawaka, sasa maneno yanaenda wapi? Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu.

Halafu ikaja sauti ya Bwana Gurdial, maana Kiprono alikuwa bado amebonyeza kitufe. "Hawajibu?"

"Hawajibu, mzee."

"Hii fundi imepunguza, imepunguza, mpaka imemaliza."

Uwanja mzima ukacheka. Nikanyakua kipaza sauti, nikasema mzee niko hapa, nakusikia, mashine ni nzima, nikaeleza kila kitu kwa kirefu, na balbu ikawaka vizuri sana, kuliko siku zote. Kiprono akajibu, "Solai, Solai, mko hapo?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele, Mama Njoki, aliyekuwa amekalia mtungi wake wa maziwa, akainua mkono. "Fundi, mimi nauliza tu. Umesema kila kitu inawaka inakula. Hiyo taa inakula nini?"

Hakuna aliyecheka. Nikaitazama balbu. Nikatazama dirisha la ofisi nyuma yangu, pale waya wa eriali ya kutuma unaning'inia hauna pa kwenda. Nikaitoa balbu, nikafunga waya, nikabonyeza. "Nakuru, hapa Solai."

"Solai, tunawasikia vizuri kabisa," Kiprono akasema. "Fundi, mzee ameona kitambaa hapa kwa meza. Anauliza, balbu imetoka saa ngapi?"

Watu wote wananitazama. Ningeweza kudanganya, lakini Mama Njoki alikuwa hajaondoa macho. "Imetoka sasa hivi, mzee," nikasema.

Lori lilikuja jioni, nusu ya maziwa yameshaganda. Betri ile ilikaa siku nyingi kuliko walivyowahi kuona, ila hakuna anayekumbuka hilo. Kule mpaka leo mimi ni Fundi Taa.

Niliporudi dukani nilimkuta Kiprono ameshika ufunguo kwa haya, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake. Bwana Gurdial hakunigombeza. Alinipa kile kitambaa. "Funga kwa mkono yako," akasema. "Mashine iko sawa. Yenye haijapimwa ni wewe."

Nikakifunga. Mzee akaenda India, akarudi, na sikukitoa.