Bahasha ya Kaki

Leo nimefungua mlango wa kijumba cha mbao tulichokodi, na harufu ya miti ya saipras iliyolowa mvua ikanirudisha kwenye kijumba kingine, ng'ambo ya mashamba ya chai, nikiwa darasa la tatu.

Baba alikuwa ametangaza mezani, "Jumamosi tunaenda kulala kambi." Alifurahi sana. Mimi nikaacha kula. Kambi niliyoijua ni ile ya mahema meupe kwenye uwanja wa kanisa, tulikokaa baada ya majirani kutuambia turudi kwetu. Siku tuliyokimbia, mama alibeba sufuria moja, blanketi, na bahasha ya kaki yenye vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Kwa hivyo nikapakia sufuria na blanketi. Bahasha niliitafuta chini ya godoro, ndani ya sanduku, hata nyuma ya kabati. Haikuwako. Njia nzima nilikumbatia begi langu.

Tulipofika kijumbani, baba alifungua begi langu, akaiona sufuria, akacheka mpaka akaketi kitandani. "Hapa tumekuja kustarehe tu, mtoto wangu. Hakuna mtu ametufukuza."

Nikamnong'onezea mama kwamba bahasha imepotea.

Mama hakucheka. Alifungua mkoba wake wa kanisani kidogo tu, nichungulie. Ilikuwa humo, imekunjwa mara mbili, chini ya leso. Akaufunga upesi, kabla baba hajageuka.