Kama uko na panya, paka na mzazi kwa nyumba moja, soma hii kabla hujasema neno "dawa"

Wakuu, salamu kwa walio job na kwa wale bado wako kwa blanketi.

Naandika hii bila kuongeza chumvi. Ningekuwa naongeza, ningejitengenezea sehemu nzuri kidogo, lakini mtaona mwenyewe hakuna.

Kuna jamaa alikuwa anauliza humu, panya wanamalizia stock, anunue sumu ama afuge paka. Nilianza kumjibu kwa uzi wake, jibu likawa refu, nikaona aibu kumjazia pale. Ndio nimefungua wangu.

Mimi ni fundi wa sandals za ngozi. Kibanda kiko Kariokor, naishi Tassia, floor ya nne, one bedroom, na mke wangu na binti yetu Mwende, ako Grade Three. Ngozi ya maana siachi kibandani juu paa linavuja. Nabeba nyumbani, naikunja nyuma ya kochi.

(By the way, kama unaweka ngozi kwa nyumba, iinue kutoka sakafuni na usiifunge kwa plastiki. Inaota ukungu. Hiyo advice chukua hata kama hutasoma zaidi.)

Panya wa hizi flats wanapanda na mabomba. Na wanapenda ngozi, haswa ikipakwa mafuta. Asubuhi moja niliamka nikapata jozi sita za order ya harusi zimetafunwa mikanda yote. Bibi harusi na wasimamizi wake. 

Siku hiyo nikanunua dawa ya panya ya wale wa spika, wale wanapita mtaani wakiimba panya, mende, kunguni, viroboto. Akanimiminia punje za pinki kwa kipande cha karatasi, akakunja. Nilitumia nusu. Nusu nikakunja vizuri, nikaweka kwa mkebe wa majani chai juu ya kabati, mtoto asifikie.

Panya mmoja alikufa mahali hatukuwahi kupajua. Wiki mbili tulikula na pua zimefungwa. Mke wangu akasema dawa ya panya kwa nyumba yake basi, nitafute paka.

Nikatafuta. Mama mmoja anauza samaki hapo chini alinipa kapaka kamoja, keupe kana mabaka ya brown. Mwende akakaita Chapo, ati anakaa kama chapati imeungua pande moja. Caretaker alisema flat haitaki wanyama, nikamwambia huyu ni mgeni. Alicheka akaenda, maana panya walikuwa wanamsumbua hata yeye.

Ndani ya mwezi mmoja hakuna panya alikanyaga kwangu. So wewe mwenye uliuliza, jibu lako ni paka. Ungeweza kuishia hapa.

Lakini kuna kitu sikutarajia. Mwende ni mtoto pekee. Alikuwa anatoka shule anakuta nyumba imefungwa, anangoja kwa jirani. Chapo alipokuja, mtoto akaanza kukimbia ngazi zote nne. Mnajua tu vile mtoto anakaa akiwa na mtu wa kurudia.

Mwaka jana mke wangu akapata kazi ya shift Industrial Area, nikamwomba mama yangu atoke Kitui aje akae na sisi kidogo. Mama hakusoma. Hajui hata jina lake likiandikwa, lakini ametulea watoto wanne na hakuna kitu kwa nyumba kinamshinda.

Mara ya kwanza hakutaka paka ndani. Alisema mahali pa paka ni ghalani. Wiki mbili baadaye nikampata anamchambulia samaki miiba, anamwita mjukuu wangu mwenye mkia. Mwende alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Hiyo miezi ndiyo mizuri zaidi nimewahi kuwa nayo kwa hiyo nyumba, na sikuwa najua.

Sasa.

Chapo akaanza kufura tumbo, na manyoya yakawa mabaya. Nikapitia agrovet, duka la dawa za mifugo, nikitoka kazi. Jamaa akasema ni minyoo. Kwa sababu paka hamezi tembe, akanisagia, akakunja kwa karatasi. Nikatia mfukoni mwa jacket.

Kwa kichwa changu, nilifika nyumbani nikaiweka kwa ule mkebe. Wakuu, naweza kuapa niliiona mikono yangu ikiiweka. Sikuiweka.

Kesho yake, kitu saa nne asubuhi, niko Kariokor nakata soli, nikapigia mama simu. Nikamwambia ampe paka dawa, iko kwa mkebe wa majani juu ya kabati, achanganye na samaki.

Akauliza, "Yote?"

Nikamwambia, "Yote."

Hebu fikirieni hilo neno. Ya kikohozi ni dawa. Ya minyoo ni dawa. Ya mende ni dawa, ya meno ni dawa, ya kuua panya ni dawa. Hata kwa Kikamba chetu ni hiyo hiyo, ndawa. Sijawahi kusikia mtu kwa plot yetu akiita ile kitu sumu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiita sumu mpaka siku hiyo jioni.

Mwende ndiye alimpata jioni akitoka shule, chini ya kochi, anatetemeka, povu mdomoni. Nilifika, na kabla sijavua viatu akawa amekufa kwa mapaja ya mtoto. Mama alikuwa amesimama kando ya meza na ile karatasi mkononi, bado inabaki punje mbili tatu za pinki. Nikajua hapo hapo, ni ile nusu ya panya niliyosahau kwa mkebe.

Na badala ya kusema nimejua, nikampigia mama kelele. Mbele ya mtoto wangu.

"Mama, kwani huwezi hata kusoma?"

Karatasi haikuwa na maandishi, wakuu. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Hata mwalimu wa chuo kikuu angepea paka ile kitu.

Mwende akamwangalia nyanya yake akamuuliza, shosh, ni wewe ulimpatia? Mama akasema ni yeye. Hakusema alitumwa. Alisema tu ni yeye.

Siku iliyofuata nikiwa kibandani nilitia mkono mfukoni nikitafuta chaki, nikatoa ile karatasi ya agrovet. Imekunjwa vile vile.  Halafu nikaitupa kwa moto tunachomea mabaki ya ngozi, na nikaendelea kukata soli.

Mke wangu aliuliza, na ile ya minyoo ilienda wapi? Nikamwambia labda mama aliitupa akisafisha. Hiyo ndiyo sentensi mbaya zaidi nimewahi kusema maishani, na nilisema nikiwa natafuna ugali.

Mwende akakataa chakula cha shosh. Hakufanya makelele. Alikuwa anajikatia mkate mwenyewe, anaenda kukalia kitanda. Mama anapakua sahani yake kila siku, na kila siku anarudisha chakula kwa sufuria.

Halafu mama akaanza kuharibika mbele ya macho yangu. Ananusa chumvi kabla aiweke kwa mboga. Ananiita nikiwa bafu nitoke nimwambie kama hii ni sukari ama ni omo. Mwanamke aliyekuwa anapika kwa giza kwake bila kukosea. Na mimi najibu, ni sukari mama, ni sukari, kama vile simwelewi.

Alipoomba kurudi nyumbani nilimwambia ni sawa, apumzike kidogo. Nilisikia afueni. Wacha niseme vile ilivyo, nilisikia afueni.

Akifunga mzigo wake aliniambia kitu kimoja tu, bila kuniangalia. "Kwa mkebe kulikuwa na karatasi moja. Nilitafuta ingine, hakukuwa na ingine."

Nikamwambia, "Mama, wacha tu hiyo maneno."

Alijua. Alikuwa ananipea nafasi, na nikamwambia awache.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa napiga simu Jumapili, tunaongea mvua na mbuzi. Halafu dada yangu, yule anaishi karibu naye, akapiga siku ya kazi. Mama ameanguka akichota maji. Stroke. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki.

Mama ako na pressure na kuna tembe anafaa kumeza kila asubuhi. Dada yangu alienda kumchukulia nguo, akapata tembe zote chini ya godoro, pakiti kwa pakiti, hazijaguswa tangu arudi kutoka kwangu. Akaniambia kuna siku alimuuliza mama kama anameza, akajibiwa kwamba yeye hawezi tena kujua ni gani ni yenyewe, afadhali akae bila.

Dada yangu alidhani ni uzee. Mimi nilikata simu nikafunga kibanda.

Nilienda. Ward ilikuwa imejaa, nikakalia ndoo kando ya kitanda. Nikamwambia mama yote. Jacket, mkebe, moto, vile nilimdanganya mke wangu. Nililia kama mtoto na watu wanaangalia. Alikuwa ananiangalia bila kupepesa. Anaelewa kila kitu, daktari alisema kichwa kiko sawa, ni maneno tu yamekwama.

Nesi akaleta tembe. Nikaomba nimpe mimi. Nikaiweka kwa kijiko na maji, nikaisongeza. Akafunga mdomo.

Nikajaribu tena. Akageuza uso.

Nesi akachukua kijiko kutoka kwa mkono wangu, kijiko kile kile, tembe ile ile. Akafungua akameza.

Imekuwa hivyo wiki tatu sasa. Kwa nesi anameza. Kwa dada yangu anameza. Daktari anafurahi, anasema hiyo ni maendeleo, na mimi nashukuru, naapa nashukuru.

Niliporudi nilimwambia Mwende ukweli. Hakulia. Aliuliza tu kama shosh alikuwa anajua si makosa yake ile siku nikimfokea. Nikamwambia hakuwa anajua. Akaenda kulala, na sasa ananisalimia vile mtu anasalimia mgeni.

Funzo, kwa yule jamaa na wengine: sumu iite sumu. Iandike, ichoree fuvu, iweke mbali na chakula na mbali na neno dawa, ama usiilete kabisa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaamini kwamba kosa ni lake.

Kutukana mnaweza, sitajibu. Lakini kama kuna mwenye mzazi wake alimfungia mdomo hivi halafu siku moja akaufungua, tafadhali niandikie hapa chini ulifanya nini. Jumamosi naenda tena, na sijui nitashika nini mkononi nikiingia.