Kameza kalisimama, meza ikamwaga ndagala yangu

Jambo bakubwa wa humu. Hii ilitupata hapa Makobola, kando ya ziwa, na bwana yangu iko hapa pembeni anasikiliza, basi hata nikitaka kudanganya siwezi.

Minye sikusoma. Naongea, mujukuu wangu Neema anaandika. Neema, usinyooshe maneno yangu!

Bwana yangu, Baba Riziki, alichongaga mitumbwi tangu ujana. Sasa mikono inatetemeka kidogo, watu wakaacha kumuita.

Minye nauzaga ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa. Nilikuwa naanika ku muchanga, nimeinama. Nikisimama, mugongo inalia kama mulango wa zamani.

Siku moja akanisikia. Na ile sauti yake ya chini, kama padri: "Mama Riziki, nitakutengenezea meza ya kuanikia."

Sasa musikie. Yeye hakuanzaga mutumbwi bila kuchonga kwanza kadogo, anakaweka mu beseni ya maji. Kakikaa sawa, na mukubwa utakaa sawa. Haikumudanganyaga hata siku moja.

Akafanya vile na meza. Akatengeneza kameza, meza ndogo tu, urefu wa mukono, akaweka tofali juu. Kakasimama tu! Muzee akazunguka kama jogoo: "Unaona? Unaona?"

Kisha ile kubwa. Kila kitu mara tano: urefu, upana, unene wa miti.

Nikamwaga mabeseni yangu yote ya ndagala juu.

Kraa!

Ndagala chini, kuku wanafanya sikukuu. Jirani yangu akaingiza kapua kake: "Eee, mama, leo unalisha kijiji!"

Muzee akaingia mu nyumba. Akafunga tezo yake ya kuchongea mu kitambaa, akasukuma chini ya kitanda. "Mikono imeisha."

Nikamutania, hakujibu. Nikamuita kobe, hakujibu. Pale njo niliogopa. Huyu mutu tunabishanaga tangu ndoa.

Nikaenda kuangalia ile meza. Nikavuta pale miti inaungana, nikapiga na teke. Hakuna kilicholegea! Nikamukokota muzee na mukono.

"Weye, shika hapa. Imetoka? Na hapa? Mikono gani imeisha? Ni miti mirefu njo ilivunjika, katikati."

Kajukuu ketu kengine, kale kadogo, kakaanguka pale mbele yetu, kakasimama, kakakimbia kanacheka.

Nikasema: "Ona. Minye nikianguka vile, mutaita watu wa kunibeba. Kukua ni muzigo, muzee."

Akainama, akapapasa muti uliovunjika. Kisha polepole: "Mutumbwi ukiwa mukubwa, na maji ya kuubeba chini inakuwa mingi. Meza inajibeba yenyewe." Akaangalia ziwa. "Kumbe miaka yote maji ilikuwa inanisaidia."

"Na minye?"

"Na weye."

Neema, andika hiyo vizuri.

Akatoa tezo. Meza ya sasa ina miti minene, mifupi, na miguu mingine katikati. Sura yake mbaya kuliko yangu. Lakini naanika nimesimama.

Kale kameza kako karibu na kitanda, nawekaga chai yake pale. Akishika kikombe, chai inamwagika kidogo. Kameza hakatikisiki.

Basi nyinyi wenye kujenga: kadogo kakisimama, musiamini bado. Ukikuza kitu, uzito unakimbia mbele, nguvu ya miti inabaki nyuma.

Nani mwingine alishadanganywa na kadogo? Leteni, tucheke pamoja. Minye municheke mupendavyo. Ila mikono ya bwana yangu, muniachie.